Mashuka ya Ngendo na Ndege ya Jumanne

Ngendo hakuwa mwanamke wa kupendwa, na mwenyewe hakuwahi kuomba kupendwa. Alikuwa mrefu, mkavu, viganja vyake vimebabuka kwa sabuni na magadi, na mdomo wake ulikuwa ukifika mahali kabla ya miguu yake. Alizaliwa upande wa Gatuanyaga, kwenye vumbi na mbuzi, akaolewa Ruiru kwenye kahawa. Siku ya kwanza alipoingia kwa wakwe, Gathoni, mke wa shemeji yake, alimwambia mbele ya watu kwamba huko Gatuanyaga watu huoga mvua ikinyesha. Ngendo akajibu kwamba afadhali wao, kwa maana kuna wengine hata mvua ikinyesha hukimbilia ndani. Tangu siku hiyo hao wawili hawakusalimiana vizuri, na sasa ilikuwa imepita miaka ishirini na miwili.

Mwaka wa hamsini na tano wote walikuwa wamefungiwa kijiji kimoja. Hali ya Hatari, serikali ikipigana na wapiganaji wa msituni, ilikuwa imewatoa watu kwenye maboma yao ng'ambo ya mto na kuwapanga kwenye nyumba za mistari, nyasi juu, udongo kando, handaki lenye vijiti vilivyochongwa kuzunguka pande zote, na lango moja. Langoni walisimama homugadi, wenyeji waliolinda upande wa serikali, na bunduki zao. Kutoka ni kwa pasi, karatasi ya ruhusa, na pasi ilikuwa mkononi mwa hedimani, mkuu wa kijiji, Gerishon.

Mume wa Ngendo, Githinji, alikuwa kizuizini mwaka wa pili. Mwanamke wa mtu wa kizuizini hakupewa pasi hivi hivi. Ngendo aliipata kwa sababu moja tu: mashuka. Karibu na stesheni ya Ruiru palikuwa na nyumba ya kupumzikia ya wazungu wa mashamba ya kahawa, na mama mzungu aliyeisimamia hakutaka mtu mwingine aguse mashuka yake. Alikuwa amemjaribu Gathoni kwanza. Gathoni akayaanika juu ya seng'enge, yakarudi na madoa ya kutu kama shuka alilofunikwa mgonjwa wa tetekuwanga. Basi kazi ikahamia kwa Ngendo, na pasi ikaja na kazi: Jumanne kwenda mtoni, Jumamosi kwenda Thika kununua sabuni, buluu na wanga. Wanawake wengine wote walichimba handaki na kulima shamba la chifu kutwa nzima, bila malipo na bila asante. Unaweza kukisia jinsi walivyomtazama akipita langoni na bunda lake kichwani.

Kazi hiyo alifundishwa Thika, Majengo, miaka ya vita vya Hitla, Githinji alipokuwa kibarua huko. Walipanga chumba ukuta kwa ukuta na dobi mmoja Mwislamu aitwaye Mishi, mama Fatu, mwanamke mnene asiye na subira hata chembe. Mishi alimwambia, "Kamba ni ya nguo za kina sisi. Shuka la mzungu lilaze majanini, lipate jua pamoja na umande. Utaona lenyewe linavyong'aa." Ngendo akashika somo. Kila Jumanne aliyalaza mashuka ishirini na manne kwenye mteremko ule mfupi wa majani juu ya mto, mistari miwili iliyonyooka, pindo kwa pindo, jiwe kila pembe. Ukiwa juu ya kilima ungedhani mtu amepaka chokaa barabara.

Na hapo ndipo shida ilipopatia mlango. Kwenye boma la homugadi, kila walipoambiwa kwamba ndege za vita zinapita kwenda kupiga mabomu msituni, walilaza chini vitambaa viwili virefu vyeupe ili rubani ajue hapo ni watu wa serikali asiwapige kwa makosa. Kijiji kizima kiliona jambo hilo mara nyingi. Kwa hiyo kijiji kizima kilijua, na hapakuwa na mtu wa kuwaambia tofauti, kwamba kitambaa cheupe kikilazwa chini kinaongea na ndege.

Ndege yenyewe ilikuja Jumanne moja, saa nne na nusu hivi asubuhi. Haikuwa kama zile ndogo za vita zenye sauti ya nyuki. Hii ilikuwa ndege ya abiria, kubwa, ya fedha, mashine nne, na madirisha ya mviringo ambayo Ngendo aliyaona moja moja pale alipoinama. Ndege kama hizo hazikupita hapo hata siku moja. Sasa hii ilitoka upande wa Thika, chini kabisa, ikinguruma hadi mabati ya duka lililokuwa langoni yakatetemeka, na kivuli chake kikakimbia juu ya kahawa, kikashuka mteremko, kikapita juu ya mashuka yake kama mkono wa mtu anayepapasa kitanda. Kuku walipotea. Wanawake waliokuwa handakini walilala kifudifudi.

Gerishon hedimani alikuwa akikagua kazi siku hiyo, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi hadi inasimama yenyewe. Aliitazama ndege mara moja, akaruka. Aliruka bila kuchagua, akaangukia ule mfereji unaotoa maji ya maganda kwenye kiwanda cha kahawa, maji ya kahawia yaliyooza wiki nzima. Kofia ikaelea peke yake.

Watu walijizuia. Ngendo hakujizuia. Alicheka huko chini mtoni kicheko kilichopanda mteremko wote, kisha akaita, "Hedimani! Hiyo kaptula niletee Jumanne ijayo. Lakini harufu utaifua mwenyewe!"

Hapo handaki lote likalipuka kwa kicheko. Gerishon alipanda kutoka mferejini, ganda la kahawa limebandika shavuni, akakung'uta maji kwenye kaptula huku akimtazama Ngendo. Mtu mwenye hasira akitukana, utajua hasira yake imeishia hapo. Huyo hakutukana.

Jumanne ya pili ndege ikaja tena, saa ile ile, chini vile vile. Safari hii watu walikuwa wakiingoja, na Gathoni alikuwa akingoja zaidi ya wote. Alisimama juu ya tuta la handaki, jembe begani, akatazama ndege, akatazama mteremko, akatazama ndege.

"Mnaona?" akasema. "Jumatatu haiji. Jumatano haiji. Inakuja siku ambayo yule ameanika. Na inapita wapi? Juu ya mashuka yake, sawasawa, kama gari la moshi kwenye reli."

"Ai, Gathoni, hayo ni mashuka ya wazungu," mwenzake mmoja akamjibu.

"Na mume wake yuko wapi? Huyo mume naye ni wa wazungu?"

Jumanne ya tatu ndege ilipopita hakuna aliyelala chini. Wote walikuwa wamesimama wakimtazama Ngendo. Jioni mtu alimwaga majivu mlangoni kwake. Asubuhi yake Gerishon akapiga filimbi ya baraza.

Alikuwa na meza, kitabu na kalamu ya risasi. Nyuma yake alisimama Simeon, mkubwa wa homugadi, mtu wa maneno machache aliyependa kulala kuliko kupiga watu, jambo lililowafaa wengi.

"Mke wa Githinji," Gerishon akaanza, kwa ile sauti ya kanisani. "Tumekaa na wewe vizuri. Serikali imekupa pasi. Sasa tunataka utuambie kwa mdomo wako huo huo wa kuchekea watu. Hiyo ndege unaiita ya nini?"

"Mimi?"

"Unaionyesha kijiji ili itupige? Ama unawaonyesha watu wa msitu njia ya kuja, wakiona ndege inazungukia wapi?"

"Hedimani, kama ningekuwa na uwezo wa kuita ndege," Ngendo akasema, "ningekuwa nimeiita ije inichukue, nisiendelee kutazama uso wako."

Watu wachache walikohoa. Gerishon alifungua kitabu taratibu. "Hapa niko na orodha ya watu wa kupelekwa kizuizini mwisho wa mwezi. Kuna nafasi."

Kila mtu aliijua orodha hiyo. Mwanamke akipelekwa, nyumba yake hupewa mtu mwingine, mbuzi wake hugawanywa kabla lori halijavuka daraja. Ngendo aliona Gathoni akimeza mate. Na hapo, badala ya kunyamaza au kulia kidogo kama mwanamke mwenye akili, alipandwa na zile hasira zake.

"Sikilizeni nyote," akasema. "Jumanne ijayo sianiki hata kitambaa cha kufutia pua. Nitakaa hapa hapa langoni mnione. Ndege itakuja vile vile, kwa sababu ni ndege tu, ina safari zake. Ikija, hedimani ataniomba msamaha mbele yenu."

"Na isipokuja?" Gerishon aliuliza upesi.

"Isipokuja niandike hapo. Andika na jina la baba yangu, lisije likapotea."

"Mmesikia?" Gerishon akawageukia watu. Meno yake yote yalionekana. "Amesema mwenyewe. Jumanne. Ndege isipokuja, pasi yake naipasua na jina naandika. Simeon, wewe ni shahidi."

Simeon akaitika kwa kichwa. Ngendo akaenda zake, ameridhika. Alikuwa na hakika. Ndege imekuja Jumanne tatu mfululizo, kwa nini isije ya nne?

Jumamosi alishuka Thika na pasi yake, akanunua sabuni, akapita Majengo kwa Mishi. Mishi alikuwa uani, anapuliza makaa ya pasi ya nguo, na mumewe Sele ameketi juu ya mkeka, miguu ndani ya karai la maji ya moto. Sele alifanya kazi uwanja wa ndege kule Eastleigh. Ndege ikitua na watu wakashuka, yeye na wenzake waliingia kufagia na kufuta. Kila Jumamosi alirudi kwake na hadithi za wiki.

Ngendo alihadithia habari zake akicheka, jinsi alivyomkomesha hedimani. Alipofika kwenye ndege ya fedha yenye mashine nne, Sele alitoa mguu mmoja karaini.

"Saa nne na nusu? Jumanne? Yenye mstari wa buluu ubavuni?"

"Hiyo hiyo."

"Ee shemeji, naijua kuliko mke wangu. Wiki tatu sasa nafua matapishi yake."

"Matapishi?"

"Ya abiria. Ndege ile ni mgonjwa." Sele akafuta mguu, akaanza kueleza kwa mikono. Juu kabisa mbinguni, alisema, hewa ni nyembamba, mtu hawezi kuivuta ikamtosha. Ndege hizi mpya zimefungwa kila upenyo kama chupa, na zina mashine ya kusukuma hewa ndani, kama unavyojaza mpira wa baiskeli. Ndipo abiria hukaa huko juu wakinywa chai. Mashine hiyo ikiharibika, rubani hana ujanja. Akipanda, watu wake watazimia mmoja mmoja wakiwa vitini, na yeye pamoja nao. Basi inambidi akae chini, pale ambapo watu wanaweza kupumua kwa pua zao wenyewe. Mafuta yanaliwa zaidi, upepo wa chini unaitupa ndege huku na huku, na wanapotapika ni Sele anayekuja nyuma yao na ndoo.

"Lakini ni chini sana, baba Fatu. Inagusa mikaratusi."

"Haigusi. Ingepita Mombasa hivyo hivyo ungeiona ndogo. Lakini nyinyi mnakaa mlimani, shemeji. Ndege imeshuka, na ardhi yenu nayo imepanda. Mmekutana katikati."

"Na kwa nini kwetu? Haikuwa ikipita kwetu."

"Ikiwa nzima hupita juu ya milima ya Nyandarua, mbali huko magharibi, juu hata huioni. Ikiwa mgonjwa itaigonga milima. Lazima izunguke, iingilie Thika, ifuate Ruiru mpaka uwanjani." Kisha akacheka. "Lakini dhiki yangu imekwisha. Spea ilikuwa ikingojwa kutoka Ulaya, imefika juzi. Ndege yenyewe imelala uwanjani, mafundi wanaifunga leo na kesho, Jumatatu inakwenda kwa njia nyingine, Jumanne inarudi. Inshallah itarudi ile njia yake ya juu. Hamtaiona tena."

Ngendo aliweka kikombe chini. Chai ilikuwa imemwagika kwenye kidole chake na hakuwa ameisikia.

"Hamtaiona tena," alirudia.

Mishi aliacha makaa. Alikuwa ameelewa kabla ya mumewe. "We Ngendo. Si ndio umewaapia watu kwamba itakuja?"

"Ndio."

"Bila mashuka?"

"Bila mashuka."

"Mdomo wako huo," Mishi akasema, "ningekuwa nao mimi ningeushona kwa uzi wa gunia. Sasa? Rudi ukawaeleze habari za mashine."

"Nani atawaeleza?" Sele aliruka. "Akiulizwa amejuaje? Mke wa mtu wa kizuizini anajua ndege gani imeharibika, spea imefika lini, inatoka lini? Watamnyonga, na mimi pembeni yake. Shemeji, nakuomba kwa jina la Mungu. Jina langu nisilisikie Ruiru."

Sele hakuwa na haja ya kuomba. Ngendo alilijua hilo tayari. Alikaa kimya, na Mishi, ambaye hakuwahi kumwona amekaa kimya, aliogopa hadi akamletea andazi la bure.

"Wana hakika kwamba itapona?" Ngendo aliuliza mwishowe.

"Mafundi? Wanasema. Mimi nafagia tu, siapi."

Jumapili alikwenda kanisani hakusikia kitu. Jumatatu aliletewa bunda la mashuka, akayaloweka kama kawaida. Alifikiri kukimbia, lakini mwanamke bila pasi angefika wapi, hata Kahawa, stesheni inayofuata, asingefika. Alifikiri kumwangukia Gerishon, akaona sura ya Gerishon akiangukiwa, akaliacha wazo hilo. Alikuwa akisugua shuka la kumi na saba ndipo alipoona jambo lenyewe, na lilikuwa rahisi mno hadi akajitukana. Watu walikuwa wamekubaliana mambo mawili: kwamba mashuka yanaita ndege, na kwamba Jumanne hii hakuna mashuka. La pili lilikuwa lake. Angeweza kulivunja.

Kama spea haikufungwa vizuri na ndege ikaja, atakamatwa mashuka yakiwa chini, na hata orodha haitangojwa. Ngendo alikamua shuka hadi likalia.

Jumanne, jua halijapanda vizuri, alitoka langoni. Homugadi wa zamu aliuliza kama si leo ambayo hafui. "Pasi ni ya hadi leo, imesema Jumanne mtoni," Ngendo akamjibu. "Ama unajua kusoma kunizidi?" Hakujua, akampisha.

Kufikia saa tatu mteremko ulikuwa mweupe. Aliyalaza yote ishirini na manne, akaongeza na foronya za mito, akaongeza na vitambaa vya meza. Juu kabisa, pale ambapo boma la homugadi lilipaona wazi, alilaza viwili virefu, kimoja hivi na kimoja hivi, kama wao wenyewe walivyolaza vyao.

Gathoni ndiye aliyepiga kelele kwanza. "Ameanika! Njooni mwone! Ameanika!"

Gerishon alishuka mteremko mbio, Simeon nyuma yake akipiga miayo, na handaki lote nyuma ya Simeon. Kazi ilisimama.

"Wewe mwanamke una wazimu? Ulisema nini mbele ya baraza?"

"Nimebadilisha." Ngendo alikuwa ameketi juu ya jiwe, miguu imenyooshwa. "Mlisema mimi naita ndege. Nikaona, kwa nini niwasumbue mkingoja bila kujua? Leo nimeiita kwa nguvu zote. Saa yake ni saa nne na nusu. Kaeni."

"Toeni hayo mashuka!" Gerishon akapiga kelele. Homugadi wawili waliinama.

"Toeni," Ngendo akasema bila kuinuka. "Halafu hedimani ampelekee DO, yule mzungu wa serikali, mwanamke na bunda la mashuka makavu. DO atauliza, haya ni nini? Hedimani atasema, ni mashuka, bwana. DO atamwuliza kama amekunywa. Lakini akingoja kidogo, ndege ikaja juu ya kichwa changu, mashuka yako hapa, mimi niko hapa, Simeon ameona, kijiji chote kimeona... hapo si hata kofia mpya atapata? Ile nyingine ilipata maji."

Kicheko kimoja kilisikika nyuma. Gerishon aligeuka, kikafa. Alisimama akitafuna shavu lake. Ngendo alimwona akiiona kofia hiyo akilini, na nishani, na labda baiskeli.

"Acheni," akawaambia homugadi. "Mtu asiguse hata moja. Yawe vile alivyoyalaza yeye mwenyewe."

"Hata hili limekunjika pembe," Gathoni akasema, na kwa hamu ya ushahidi akainama, akalinyoosha, akarudisha jiwe. Ilikuwa mara ya kwanza kumsaidia Ngendo kazi tangu aolewe.

Wakakaa. Saa nne ikafika kwa saa ya Gerishon, aliyokuwa akiitoa mfukoni kila baada ya dakika mbili. Wote walitazama upande wa Thika, chini, juu kidogo ya vichwa vya mikaratusi. Saa nne na nusu. Lori lilinguruma barabarani, watu hamsini wakaruka, kisha wakajifanya hawakuruka. Ngendo aliyahesabu mashuka kwa macho, kisha akayahesabu tena.

Hapo akaisikia. Si sauti, ilikuwa kama mtu anasaga mahindi kijiji cha tatu. Iliingilia magharibi, juu ya Nyandarua. Aliinua macho bila kuinua kichwa. Mbali sana, juu kuliko mwewe, palikuwa na chembe moja ya fedha iliyowaka jua lilipoipiga, ikazimika, ikawaka tena, ikaenda zake. Ndani yake watu walikuwa wakinywa chai. Watu wote hamsini walikuwa wameipa mgongo wakitazama Thika.

Ngendo alishusha macho akatazama kucha zake.

Saa tano. Saa tano na robo. Watoto walianza kulia njaa. Simeon alikuwa amelala kwenye kivuli.

"Labda imechelewa," Gathoni akasema.

"Itakuwa njiani," Ngendo akakubali. "Ama nimeiita kwa Kikuyu, na rubani ni Mwingereza?"

Safari hii kicheko hakikufa. Kilianzia kwa mwanamke mmoja mzee aliyekaa juu ya karai, kikapita kwa wengine, kikamfikia hata homugadi mmoja aliyegeuka akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Imetuona tuko hapa ndiyo ikaogopa," Gerishon akasema.

"Basi ni wewe uliyeifukuza, hedimani. Mwambie DO. Mwambie kuna ndege ya abiria imekuona ikakimbia." Sasa Ngendo alisimama. "Jumanne tatu ilikuja mashuka yakiwa machache. Leo nimelaza mpaka vya meza, nimelaza na ile alama yenu ya boma, haikuja. Kama yanaita, mbona haikuitika? Na kama hayaiti, mimi nimekosa nini?"

Simeon alifumbua jicho moja kivulini. "Hedimani," akasema, "hayo ni mashuka." Akalifumba.

Hilo lilimmaliza Gerishon kuliko maneno yote ya Ngendo. Shahidi wake mwenyewe! Watu walianza kuondoka bila kuruhusiwa, wakishuka handakini wawili wawili, na aliyepita karibu na ule mfereji wa maganda aliziba pua kwa makusudi.

Ngendo alitoa pasi yake kwenye kitambaa cha kifuani, akamnyooshea. "Imeisha leo. Ya mwezi ujao."

"Njoo ofisini."

"Kalamu iko sikioni mwako."

Gerishon aliiandika juu ya goti lake, akibonyeza hadi risasi ikavunjika, akamaliza kwa kipande kilichobaki. Hakuomba msamaha na Ngendo hakuungoja. Alijua kwamba mtu huyo atamtafutia lingine, na kweli alimtafutia, tena si mara moja, mpaka siku Githinji aliporudi na vijiti vya handaki vikang'olewa. Lakini la ndege hakulirudia. Alimtupia pasi miguuni, akapanda mlima.

Ngendo aliiokota, akaipuliza vumbi, akairudisha kifuani. Akaanza kukusanya mashuka, moja moja, jiwe kwanza, kisha pembe. Gathoni alikuwa bado amesimama pale pale, jembe begani.

"Mimi hunidanganyi," Gathoni akasema. "Kuna kitu ulifanya. Nakujua. Ulifanya kitu."

"Nilifanya," Ngendo akasema, akikunja. "Nilifua. Ungejaribu siku moja ungeona ni kitu gani."